Dola Hamsini

Theluji ya Machi ilikuwa bado imeikalia Duluth
kama mgeni asiyejua kuaga,
nasi tumeshuka chini ya duka la Lahtinen,
katikati ya ndoo za rangi na misumari ya kupima kwa mizani,
kununua wachezaji wasiojua kwamba wananunuliwa.

Kila mtu dola mia mbili na sitini, za karatasi.
Kila mtu nafasi ishirini na tatu.
Ukimzidishia mmoja utampunja mwingine:
hesabu ya kila jikoni mwisho wa mwezi,
ila sisi huiita sayansi.

Kiti cha kumi na mbili kilikuwa cha Gordy Aune,
tuliyemzika Novemba, ardhi ikikaribia kugoma.
Tulidhani tutakitundikia makoti.
Akaja Solveig, mjane wake, na daftari la kijani
na chungu cha maharage, akakiweka juu ya hita.
"Nitajaribu," akasema.
Brandvold, daktari wa meno, akanikanyaga chini ya meza:
leo tunakula bure.

Zamu yake ya kwanza akamtaja Haldane,
lile jitu la kupeleka mipira nje ya uzio.
Tukamrukia. Thelathini. Arobaini. Arobaini na tano.
Solveig akafika hamsini,
akanyamaza.
"Hamsini na moja!" Brandvold, jasho puani.
Solveig akaandika kitu kidogo, akaenda kukoroga maharage.

Zamu ya pili akamtaja mrushaji wa kufunga michezo,
na mimi huyo, dola ishirini na nane
kwa mtu wa kazi ya dakika kumi na tano,
kazi ambayo ifikapo Mei kocha humpa mwingine.
Nilijua. Kila mwaka najua.
Mkono ulikwisha panda.

Akamtaja mdakaji. Na wadakaji wanafahamika:
huchuchumaa hadi magoti yadai pensheni.
Rosalba, wa zamu za usiku hospitalini, akalipa kumi na tisa,
akajilaani kwa Kihispania.

Saa nzima Solveig hakununua hata mmoja.
Lahtinen akamwinamia, taratibu:
"Mama, pesa hizi hazizikwi na mtu."
Kisha akasikia alichosema,
akageukia misumari.

Ndipo mifuko yetu ilipoanza kutoa mwangwi.
Nilibaki na dola kumi na tatu, nafasi kumi na moja.
Na yeye akaanza.
Kumi na mbili. Tisa. Kumi na saba.
Wapigaji wasio na picha kwenye fulana za watoto,
lakini wanaocheza kila siku ya Mungu.
Waiba besi wenye miaka ishirini na sita.
Warushaji wachoyo, wasiompa mpigaji njia ya bure.
Moja, mbili, ameuzwa.
Moja, mbili, ameuzwa.
Hakuna wa kumjibu.

Dola ya mwisho: Eliseo Mercadal, wa ligi ya chini.
"Nani?"
"Hana haraka," akasema Solveig. "Mpira mbaya
haumdanganyi mara mbili."

Saa tano usiku, midomo imejaa maharage yake,
nikalivuta daftari.
Mimi ni tarishi; mwandiko wa Gordy naujua,
herufi zake huegemeana kama walevi watokao baa.
Humu, miaka kumi na tisa ya herufi wima, wino wa buluu:
*Taja usiyemtaka, waache wagombane.
Usimlipe mtu kwa kiangazi kilichopita.
Subiri. Wanaume hawa hawajui kusubiri.*

Gordy alichukua kombe mara sita.
Mara sita tulimbeba begani,
Solveig akikusanya sahani.

Kwenye ukurasa wa mwaka jana tu, pembeni,
walevi wale wameegemeana:
*Sawa, mpenzi. Lakini siku moja
niache nimnunue Haldane.*

Goti la Haldane lilikatika tarehe tisa Aprili.
Brandvold bado anasimulia alivyomshinda mjane kwa dola moja.
Mimi huifikiria ile hamsini,
na kimya kilichofuata,
na mwiko ukizunguka chunguni
muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.