Toleo la Nne

Ofisi ya chama cha kahawa, Kibosho, saa nne usiku.
Nimebonyeza "sasisha", na tovuti imekuwa nyeupe
kama Kibo asubuhi ya Julai.

Toleo la kwanza alilifunga Aikande, mwaka ule wa mgao wa umeme:
kurasa tatu, picha ya mbuni uliochanua, bei ya kilo.
La pili likaja na menyu, na wadudu wake.
La tatu tulilizoea, hata kasoro zake tukaziita tabia.

Sasa nashuka ndani ya msimbo, mstari kwa mstari,
nafuata maji yalikopotelea,
kama baba kwenye mfongo siku ya zamu yetu,
jembe begani, akiuliza nani kaziba huko juu.

Mstari wa mia nne na kumi, mtu nisiyemjua
ameacha maneno, kwa Kiswahili:
"Usiufute huu. Sijui kwa nini unafanya kazi."
Nacheka peke yangu. Mlinzi anachungulia.

Siufuti.
Nausogeza juu kidogo,
naandika jina langu chini ya lake, na tarehe.

Bei ya kilo inarudi kwanza.
Picha bado.