Ripoti ya Darasa la Pili, Wete

Kisanduku cha Hisabati nimeandika arobaini na moja.
Cha Kusoma, sabini. Cha Usafi, "wastani",
maana kola yake mwaka mzima ilinuka makonyo.
Kimebaki cha Dini, na umeme unakatikakatika.

Anselmi Gervasi, miaka minane.
Baba yake alitoka Urambo kuja kuchuma karafuu msimu mmoja,
akasahau kurudi.
Mama anakaanga maandazi, Limbani.

Januari alijua herufi saba, zote za jina lake,
akidhani alfabeti inaishia hapo.
Nikamwambia zipo nyingine.
Akauliza, "Za nani?"

Februari nikawasimulia kisa cha mikate:
mitano, na samaki wawili, na umati umeketi majanini
ukila mpaka ukasaza.
Chaki ya hesabu ilikuwa bado vidoleni mwangu
alipoinua mkono.
"Mwalimu, asubuhi umesema mitano kwa watu elfu tano
kila mtu hapati hata tonge.
Sasa vikapu kumi na viwili vya makombo vimetoka wapi?
Na kwenye mtihani niandike lipi?"

Darasa likaangua kicheko.
Nikasema: saa mbili ni hesabu, saa nne ni dini.
Jibu la mtu mzima anayeomba kengele ilie.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.
Skuli yetu ina msalaba juu ya mlango,
lakini nusu ya darasa jioni wako chuoni,
na alifu zao zimenyooka kuliko A zao.
Niliwaambia wasiofunga: kuleni nyuma ya tangi,
mfute midomo kabla ya kurudi.
Hilo halimo katika muhtasari wa masomo.
Walilijua kwa siku moja.

Kwa kina Anselmi na kwa kina Time binti Hamad
pametengwa na ua mmoja wa makuti, nao una tundu.
Magharibi ikapita sahani, imefunikwa kawa:
majimbi ya nazi, kipande cha changu.
Mama Anselmi hajui kurudisha sahani tupu.
Ikarudi na maandazi.
Kesho ikaja na tambi,
ikarudi na ndizi mbivu,
na keshokutwa, na mtondo.

Siku moja akanijia na daftari, ukurasa wa nyuma,
vijiti vimepangwa vitano vitano.
"Sahani ni moja, mwalimu. Nimeihesabu kila siku.
Sisi tumekula mara ishirini na tatu.
Na wao ishirini na tatu."
Hakuongeza neno. Akarudi kukaa.

Agosti karafuu zikaiva. Wiki tatu hakuonekana.
Alirudi na kucha nyeusi,
anajua pishi kuliko mimi,
anajua pia kwamba pishi ya msimamizi
imegongwa kwa ndani ikavimba.
Hilo nalo sikumfundisha.

Novemba, swali la tisa:
mikate mitano, watu kumi, kila mmoja atapata kiasi gani?
Darasa zima: nusu.
Time: nusu, kwa mwandiko wa kupigwa picha.
Yeye: "Inategemea anayegawa."
Nikatia mkasi. Kalamu nyekundu haina subira,
na karatasi zilikuwa arobaini na sita.

Sasa mstari wa maoni.
Nataka kuandika, "Ameanza kujua kugawanya,"
usingizi unanivuta, herufi moja inaniponyoka,
umeme unarudi, nasoma:
"Ameanza kujua kugawana."

Sista Filomena atalizungushia duara.
Kwake kosa la tahajia ni kosa.
Alizungushie.

Cha Dini nakiacha wazi mpaka asubuhi.
Nafungua ya Time: Hisabati, tisini na mbili.
Dini, kistari,
kama tulivyokubaliana na baba yake.