Kumi kwa Moja

Kiwanja chetu kipo Wete, nyuma ya ghala la karafuu.
Si kikubwa. Ukipiga chafya mlangoni
aliyeko pembea ya mwisho atakuombea rehema.

Babu yangu, Shaame Kombo, alikuwa fundi wa boila
kiwanda cha makonyo. Chuma kikikataliwa kule
yeye hukitia begani, akapita nacho sokoni
huku wenziwe wakimuuliza anafuga kutu.
Akachonga farasi sita wa mfenesi,
akawafunga kwenye mlingoti mmoja,
na bibi akawapaka rangi iliyosalia ya milango:
mmoja buluu, watano kijani.
Kijani ndicho kilichokuwa kingi.

Mota hapakuwa. Palikuwa na watoto wa Jadida
na ubao wenye sheria kwa chokaa,
maana kwetu hata bei hupimwa mizani:

    Senti kama huna, mwana, usirudi kwa mamayo,
    sukuma kumi bayana, panda moja upendayo.

Wakasukuma. Vumbi likawapanda mpaka kwenye kope,
na Idi nzima nguo mpya zikarudi nyumbani
zimeshazeeka.

Mwaka ule karafuu zilipozaa hata majani yakajificha,
bibi aliuza zake gunia tatu. Watu wakasema, bati hilo.
Hakununua bati.
Alinunua gurudumu la viti vinane kwa Mhindi aliyekuwa akihama,
limefungwafungwa kama maiti ya ngamia.
Miezi minne babu alilala nalo uani, akilijumlisha.
Lilipopanda, lilikuwa na kimo cha mnazi mchanga,
na ukifika juu unaona nini?
Unaona kamba yenu, na kanzu ya baba haijakauka.
Watu walilipa kuona hivyo. Walipanga foleni.

Shangazi Time alikata tikiti kwa majalada ya madaftari,
fedha akizitia kopo la maziwa ya unga,
na mkono wake ukijua shilingi mbovu kabla ya jicho.
Baba akaongeza gari moshi, mabehewa mawili,
reli ikizunguka kisima. Siku moja ya Maulidi
likaacha reli, likaingia ukumbini kwa Bi Raya,
likatoka na pazia. Hakuna aliyeumia.
Pazia tunalo mpaka leo, ndilo tunalopangusia grisi.

Sitaficha: gurudumu halizunguki tena.
Lilisimama wiki ya matanga ya babu,
na baba, aliyekuwa na spana zote, hakuipata ile moja.
Gari moshi kuku wanatagia.
Farasi wa buluu hana sikio la kushoto,
na wapo wanawake watatu mjini hapa, wote wazima na wajukuu,
kila mmoja ananiapia kuwa ndiye aliyelivunja.

Mimi nimebaki na farasi, na mota ya mashine ya kusagia,
na kucha ambazo hina haizishiki kwa sababu ya grisi.
Wanaitwa huko kwenye viwanja vipya, vyenye taa za rangi saba.
Waende. Watoto wana miguu.

Lakini Idi pili, baada ya isha, umeme ukakatika
Pemba nzima. Mota ikakohoa, ikanyamaza.
Farasi sita wakasimama na watoto sita migongoni,
na giza likawa na pumzi zao tu.
Nilikuwa natafuta maneno ya kurudisha fedha
niliposikia mlingoti unalia.
Mtu anasukuma.
Kisha wawili. Kisha makobazi mengi mchangani,
na sauti ya mzee, sijui nani, kutoka ukutani:
"Moja!... Mbili!... Wewe kijukuu, shika nguzo, si mkia!"

Tuliendelea hivyo mpaka mwezi mwembamba ukazama,
tikiti zimekwisha, hakuna aliyeuliza tikiti.

Mwanangu Asaa akaja, jasho tupu, kanzu imechanika kwapani.
"Mama, nimesukuma kumi na moja."
Nikamwambia, panda basi, buluu yuko wazi.
Akatikisa kichwa.
"Sipandi. Niandikie."

Nikaingia gizani kutafuta chokaa.