Daftari la Carina

Nilipoinunua, mita ilisema elfu tisini na nane.
Dalali aliifuta kwa leso, akatabasamu.
Fundi Ndahani hakuitazama mita.
Alichuchumaa mlangoni, akagusa raba ya pedali ya breki,
imelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia.
"Mwalimu, mita hurudishwa nyuma. Mguu haurudi.
Hii imeshatembea laki mbili na nusu.
Lakini ushaolewa nayo. Tuanze."

Tukaanza.
Nikanunua kaunta buku, kwaya mbili,
nikaipigia mistari kama rejista ya darasa la sita:
tarehe, kilomita, oili, chujio, plagi, pesa.
Kila elfu tano, oili nyeusi itoke.
Si elfu tano na mia tatu.
Mume wangu Lechipya alikuwa akinicheka kutoka barazani:
"Kwa dozi hizo, mgonjwa wako atatuzika."

Maji ya kisima chetu Kizota huacha ganda jeupe sufuriani.
Nikamuuliza Ndahani, basi ndani ya rejeta huacha nini?
Akasema, "Umeshajijibu."
Tangu hapo rejeta hunywa dawa ya kijani,
maji ya kisima tunakunywa sisi.

Agosti, njia ya Hombolo, upepo unakokota ardhi.
Nafungua boneti, natoa kichujio cha hewa,
nakigonga kwenye tairi: paa, paa,
inadondoka nusu eka ya mtu.
Ninamwomba radhi, sijui nani,
ninarudisha kichujio, ninapakia makreti ya zabibu,
manne nyuma, moja kwenye kiti cha mbele, nalifunga mkanda
maana zabibu zikipondeka hata nyuki wanakusuta.

Vingine hupiga hodi kabla ya kuingia.
Beringi hulia. Breki husaga meno.
Shokapu zikichoka, kila tuta linakuuliza una miaka mingapi.
Ila mkanda wa taimingi haubishi hodi.
Hukatika kimya, saa nane usiku, mlima wa Gairo,
na gari linageuka kabati.
Kwa hiyo tuliubadilisha ukiwa bado mzima,
na Lechipya akauliza: nani hutupa kitu kizima?
Nikamwonyesha ukurasa. Akanyamaza, akaenda kuwapa kuku maji.

Ilimpeleka hospitali Mvumi mara tisa.
Haikuchemka hata mara moja.
Mara ya kumi nilirudi na viatu vyake kwenye kiti,
na siku hiyo, naona hapa, sikuandika chochote.
Wiki iliyofuata: oili, lita nne. Siku sita nimechelewa.

Chiloleti wa nyumba ya pili amenunua jipya, la mkopo,
linaloongea likikosea.
Juzi alfajiri liliongea sana.
Akaja kwangu na nyaya za betri shingoni kama daktari,
nikamwashia, akaenda kazini Mtumba,
hakusema tena neno lile la mkweche.

Jana, nikikaribia Ihumwa, mita ikageuka
laki mbili na nusu kamili.
Nikasimama pembeni kulitazama.
Miaka kumi na mitatu ule uongo umetukimbiza,
na leo umefika pale sisi tulipoanzia,
unahema, makreti matano ya zabibu nyuma yake.
Nikaandika namba. Pembeni, kwa penseli, ile ya kweli:
laki nne na elfu mbili.

Kushoto mbele panagonga, ko, ko, nikikata kona.
Bushi, au boli joint. Jumamosi gereji.
Ndahani macho yamepungua, hukaa kwenye benchi akisikiliza injini;
anayelala chini ya gari sasa ni bintiye, Nyemo.
Aliinuka na grisi kidevuni,
akachungulia mlangoni, akagusa raba ya breki,
ya tatu hiyo, niliiweka mwenyewe.
"Na hii imelika, Mwalimu. Upande mmoja."

Andika, nikamwambia. Kalamu iko kwenye dashibodi.