Kamba ya Majivu

Mlinzi wa geti la Mlimani aliuliza kamba ya nini.
Nikamwambia, ya ng'ombe.
Akachungulia nyuma yangu.

Ng'ombe aliuzwa mwaka mtama ulipokauka,
Majivu, maksai wa pembe moja iliyopinda.
Alikwenda mnadani kwa miguu yake
akarudi akiwa ada ya muhula,
godoro la futi mbili na nusu,
tranka na kufuli lake,
viatu vya kaka Nehemia.
Kamba ikabaki mkononi mwangu.
Baba alisema mmoja atasoma, mmoja atachunga,
alisema akichochea moto, hakumtazama yeyote.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilifurahi.
Nilidhani nimepewa ng'ombe.

Barua ya kwanza tulisomewa na katekista:
bwenini taa huzimwa saa nne,
hivyo kaka husomea chooni, balbu ya huko haizimwi.
Mama akauliza, anakula?
Katekista akaigeuza karatasi, mbele, nyuma.
Hakuandika.

Miaka ikapita na vyeti vyake. Dar. Kisha ng'ambo, kwenye theluji.
Kisha Dar tena, na siku moja sauti katika simu ya mwenye duka:
Amosi, lile korongo nyuma ya zizi, bado linakula?
Linakula.
Lipime kila mvua zikikatika.
Nikauliza, kwa nini?
Mimi nilitaka sababu; yeye alisikia kifaa.
Kwa kamba, akasema.

Basi nikafunga jiwe, nikateremsha,
nikapiga fundo pale kamba ilipogusa ukingo.
Fundo la mwaka kihenge kilipozama.
Fundo la mwaka punda wa Chalula alipotumbukia
na magunia mawili ya chumvi.
Kamba ilipopunguka niliiunga na ya ndoo
na mke wangu akaenda kuazima kisimani.
Mafundo kumi na manne.

Leo kaka amepanda jukwaani kwa joho jekundu,
hotuba ya uprofesa, Kiingereza saa nzima.
Sikuelewa, ila ukutani nililiona korongo letu,
kubwa, safi, halina harufu.
Kando yake mstari ukipanda, ukipanda,
kama mbuzi aliyeona kichuguu,
na wasomi wakitingisha vichwa kukubali.
Kwetu mstari huo unashuka.

Kijana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono, akauliza jambo.
Kaka akavua miwani, akanitafuta kwa macho.
Amosi, mwaka huu?

Sikujibu kwa mdomo. Niliikunjua kamba
kutoka kwenye kiti changu, nikaiburuta kuelekea mbele,
mama mmoja wa mkufu mzito akainua miguu ipite,
fundo baada ya fundo,
na udongo wetu ukidondoka kwenye zulia lao.
Watu walicheka, kisha wakaacha.
Kaka akashuka ngazi. Akashika ncha ya kitanzi,
ile iliyokaa shingoni mwa Majivu,
akaipeleka puani
mbele ya makamu mkuu na wageni wote.
Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye joho.

Usiku, kwake Changanyikeni, tulikula mlenda niliokuja nao.
Feni ilizunguka. Kuta zake ni vitabu mpaka juu,
na nilikuwa nikijiuliza vumbi lao hufutwa na nani.
Wanawe walipolala akaniuliza
alichokuwa hajaniuliza kwa miaka thelathini na sita:
Ungekuwa wewe?

Nikamwambia korongo limebakiza hatua kumi na moja
kulifikia kaburi la mama.

Akachukua daftari. Akafungua kalamu.
Hakuandika.