Rekodi ya Kocha Pazi

Bosi anataka karatasi moja, isizidi:
kambi ya Pazi, Keko, mapambano saba ya mwisho.
Anatafuta mtu wa kupigwa na kijana wake
Jumamosi, ukumbi ujae, mkanda usihame.

Nimefungua kaunta buku.

Machi, Vingunguti: Mkopi, raundi ya pili, chali.
Machi tena, Mbagala: Kibwana, raundi ya tatu,
daktari alisimamisha, jicho limefunga
kama duka saa ya Ijumaa.
Aprili: taulo.
Mei: taulo, na alilirusha Pazi mwenyewe, mapema,
watu bado wanadai damu ya kiingilio chao.
Mpaka hapo ningeandika bila kuinua kalamu:
chukua, huyu ni ngazi.

Pazi utamjua kwa suruali ya ulinzi.
Usiku analinda ghala la vipuri Chang'ombe,
alfajiri anafunza, hajalala.
Begi lake ni gunia la unga wa mbao
kutoka kwa mafundi vitanda wa jirani;
likipigwa linatoa vumbi, vijana wanapiga chafya.
Glovu pea nne, vijana kumi na mmoja:
kila mkono unaingia kwenye jasho la mwenzake.

Na kijana akianza kushinda
anahamia kambi yenye vioo na feni.
Kwa hiyo rekodi ya Pazi, ukiisoma kwa haki,
ni rekodi ya waliobaki.

Juni: Kibwana, yule wa jicho,
kapoteza kwa pointi. Raundi sita. Kasimama zote.
Julai, Tandika: sare,
na jaji mmoja ni shemeji wa mpinzani.
Agosti nilikuwepo.
Mkopi alirudi kona pua inavuja.
Pazi hakufoka. Alimfuta,
akamwambia kitu sikioni, kifupi,
na mtoto aliyelazwa Machi na ngumi ya kushoto
akaanza kuikwepa ya kushoto,
akaikwepa, akaikwepa,
hadi mwenye ngumi akachoka kuitupa.
Kashinda. Watu arobaini ukumbini,
na wawili kati yao wauza karanga.

Simu imeita.
"Vipi huyo wa Keko?"
Nikatazama tarehe zilivyojipanga,
zinavyopanda taratibu
kama maji ya mgao kwenye ndoo, saa nane usiku,
huyaoni yakipanda, unasikia tu
sauti inabadilika.

Hesabu ni hesabu, na bosi husoma hesabu.
"Saba," nikasema. "Kapigwa tano."
"Safi. Mtumie nauli."

Nimetuma. Elfu kumi za bosi,
na ishirini zangu juu yake.
Pazi kapiga kuuliza hizi nyingine za nini.
Nikamwambia mtandao unakatika.