Bei ya Maskati

Duka langu halina mlango wala kufuli.
Lina nchi nne.
Nilizipanga kwenye simu, chumba cha juu, Langoni,
chaji asilimia kumi na nne, umeme umekatika tangu alfajiri:
Kenya, shilingi. Komoro, faranga.
Omani, riyali. Ujerumani, yuro.
Kila nchi na bei yake, na mteja wa huku haioni bei ya kule,
kama wake wenza waliojengewa mitaa mbalimbali.

Kofia ni ile ile.
Mwanamkuu hutoboa kitambaa, kitundu kwa kitundu,
akakizungushia kila kitundu uzi, miezi mitatu na siku zake,
miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi huo huo.
Hapa Amu naiuza elfu sita, na bado wataka ipungue.
Moroni faranga elfu kumi na nane, maana mifuko ya kule naijua.
Maskati riyali thelathini na tano.
Hamburg yuro mia na kumi,
na Mjerumani hata haulizi mwisho wake ngapi.

Riyali ndiyo iliyonitia adabu.
Nyuma ya nukta yake kuna sifuri tatu, si mbili,
kwa kuwa riyali moja ni baisa elfu.
Wiki ya kwanza nukta ilinitoka mkononi,
kofia ya miezi mitatu ikaenda Sohari kwa riyali tatu na nusu.
Nikauza bangili, nikamlipa Mwanamkuu haki yake.
Alipouliza iko wapi, nikamwambia mkono umenenepa.

Usiku nilijiuliza: huu si wizi?
Lakini hata dafu, hapa hamsini,
likivuka Shela hadi kwenye viti vya wageni ni mia na hamsini,
na mnazi haujawahi kulalamika.
Nikalala.

Jumatano simu ikalia. Oda ya sitini na mbili.
Kofia moja, inchi ishirini na mbili u nusu.
Nchi: Omani.
Jina: Famau Shali Bwanaheri.

Mwanawe Mwanamkuu. Wa nne kuzaliwa, wa kwanza kuondoka.
Hajui. Chini ya picha hapana jina la mshonaji;
nililifuta mwenyewe, niliona larefusha ukurasa.
Amelipa yote, saa nane za usiku,
na mimi nimekaa na kidole juu ya kioo:
kisanduku cha nchi kipo,
kisanduku cha mtoto hakipo.

Nikashuka nikamsomea.
Akachomeka sindano kwenye leso, kifuani.
“Riyali ngapi?”
Thelathini na tano.
“Kwa shilingi zetu?”
Elfu kumi na moja na mia saba.
Akanyamaza. Kumbe bei ya Maskati hakuwahi kuisikia.
“Na mimi hunipa ngapi?”
Nne, nikasema,
na hiyo nne ikatoka ndogo kuliko nilivyoitia kinywani.

“Basi usimrudishie hata baisa.
Tangu Mfungo Mosi hajaleta kitu, hata salamu.
Zote uniletee mimi.
Na wewe, kesho baada ya chai, njoo tukae.”

Akaitaka kofia kabla sijaifunga.
Akaigeuza nje ndani, pale penye kulowa jasho,
akatoboa kitundu kimoja kisichokuwamo kwenye mchoro,
akakizungushia uzi, akaukata kwa meno.
Hakunieleza, nami sikuthubutu kuuliza.

Jina lake nimelirudisha chini ya picha.
Kweli larefusha ukurasa.

Posta, karani akanisukumia fomu:
thamani ya mzigo, andika.
Kwa sarafu gani, nikamuuliza.
“Ya unakokwenda.”
Nikaandika thelathini na tano, nukta, sifuri tatu.
Nikazihesabu mara mbili.